Tundu la Ngumi: Namna Ninavyokagua Chumba cha Jenereta

Tundu lenyewe lilikuwa na ukubwa wa ngumi yangu. Nililipima asubuhi ya baada ya moto: niliingiza mkono mpaka kwenye kifundo, nikautoa mweusi kwa masizi. Ilikuwa Februari 2010. Unguja ilikuwa imeingia mwezi wake wa tatu mfululizo gizani, na nyumba moja ya wageni maeneo ya Kiponda, Mji Mkongwe, ilikuwa imeweka jenereta kwenye ghala la chini, mahali ambapo zamani palirundikwa magunia. Fundi aliyeifunga alitoboa dari kupitisha nyaya nne, akalipwa, akaenda zake. Usiku wa saa nane mpira wa dizeli ukapasuka, mafuta yakarukia eksozi, yaani bomba la moshi, moto ukashika. Mlinzi alikuwa amekaa barazani nje na hakusikia lolote, maana mashine ilikuwa bado inanguruma. Aliyegundua ni mgeni wa ghorofa ya tatu aliyeamka anakohoa. Moshi ulikuwa umepanda na nyaya dari kwa dari, ukatokea nyuma ya kabati lake.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Waliuzima kwa mchanga wa ujenzi uliokuwa uchochoroni. Boriti tatu ziliungua ncha. Mimi niliitwa kurejesha umeme tu, lakini tangu siku ile siingii chumba cha jenereta bila kutazama dari kwanza.

Naandika haya kwa mafundi vijana na kwa kila mwenye mashine: nyumba za wageni, zahanati, maduka ya samaki, misikiti. Mwaka 2008 tulikaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, Mei hadi Juni. Kisha tukakaa tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katika miezi ile watu walinunua majenereta kama wanaonunua mchele, na mengi yalifungwa kwa haraka, chini ya ngazi, kwenye ghala, nyuma ya jiko. Umeme ulirudi, na mashine zimebaki palepale. Zinawashwa mara moja moja, na ndiyo maana hakuna anayezitazama.

Utaona nataja vituo vya umeme wa nyuklia mara kwa mara. Zanzibar hatuna kituo cha namna hiyo. Nimejifunza kwao kwa sababu wanalazimika kuandika makosa yao, hata kosa la mshumaa mmoja, na mengi ya maandishi hayo yapo wazi kwa mwenye kutaka kusoma. Ukiyasoma utakuta shida iliyowasumbua sana ni ileile ya Kiponda: nyaya, na matundu zinamopita.

Mshumaa

Tarehe 22 Machi 1975, katika kituo cha nyuklia cha Browns Ferry, jimbo la Alabama, Marekani, mafundi walikuwa wakiziba matundu ya nyaya kwenye chumba kilicho chini ya chumba cha kuendeshea mitambo. Vinu viwili, yaani mitambo inayozalisha joto la nyuklia, vilikuwa vinafanya kazi kwa nguvu zote. Jengo la kinu huwekwa liwe na hewa yenye msukumo mdogo kuliko nje, ili hewa iingie ndani na isitoke, kwa hiyo kila upenyo lazima uzibwe. Kujua kama upenyo bado unavuja, walikuwa wakiusogezea mshumaa uliowashwa na kutazama mwali unavyoinama.

Na kilichotumika kuzibia kilikuwa povu la poliyurethani, plastiki inayoshika moto. Mwali ukavutwa na hewa, povu likashika, moto ukaingia tunduni na kutokea upande wa pili wa ukuta ambako hakuna aliyeweza kuufikia. Ulikuwa mchana, saa sita na dakika ishirini. Watu walipambana nao wenyewe kwa takriban robo saa kabla king'ora hakijapigwa. Uliendelea kwa saa saba hivi. Nyaya zaidi ya 1,600 ziliharibika, na waliokuwa juu wakaanza kupoteza kimoja baada ya kingine vile vyombo walivyovihitaji kukipoza kinu. Walifanikiwa kukipoza kwa pampu ambayo haikuwekwa kwa kazi hiyo.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo linaniuma kila ninapolisimulia. Siku mbili kabla, tarehe 20, mshumaa wa kupimia ulikuwa umewasha moto mdogo wa namna ileile. Waliuzima. Ukaandikwa kwenye daftari la zamu. Kazi ikaendelea, na mshumaa ukaendelea.

Hilo nalisema mwanzo kwa makusudi. Kabla sijagusa chochote kwenye chumba chako cha jenereta, nitakuuliza: hapa pamewahi kuwaka kitu, hata kidogo, hata cheche? Mara nyingi mwenye nyumba husema hapana, na mlinzi aliyesimama nyuma yake hutazama chini. Huyo ndiye wa kuzungumza naye pembeni, kwa heshima, baada ya salamu. Mzee mmoja alinionesha alama nyeusi ukutani aliyoipaka chokaa mwenyewe ili asigombwe.

Saa ya kwenda na vitu vya kubeba

Nenda jioni, baada ya laasiri, ili ukimaliza chumba giza likukute kwa kazi ya matundu. Omba mashine iwashwe na ibebe mzigo wa kweli, majokofu na viyoyozi, kwa saa nzima kabla hujafika. Jenereta baridi haisemi kitu. Mjomba wangu alifanya kazi na mashine za dizeli Pemba, enzi za kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, na alikuwa akituambia watoto kwamba mashine ikipoa inajificha. Nilikuwa sielewi. Sasa naelewa: mpira uliolegea unavuja ukiwa na moto, na koki inayotoa jasho inakauka ukizima.

Beba tochi mbili, karatasi laini ya chooni, kioo kidogo cha mkononi, mizani ya kuning'iniza ya kupimia samaki (utaona kwa nini), chaki, daftari na kalamu. Vaa viatu vya kufunika miguu na nguo isiyoning'inia. Mimi huvua kanga ya juu na kubana mtandio vizuri, kwa sababu feni ya jenereta haijui heshima ya mtu.

Anza nje

Zunguka nyumba mara moja. Tazama upepo unatoka wapi. Kwa mahoteli ya Nungwi na Kiwengwa hili ni jambo kubwa: wakati wa kaskazi, Disemba hadi Machi, upepo unatoka baharini moja kwa moja, na paa la makuti lililo nyuma ya bomba la moshi ni kuni iliyokaushwa tayari. Ncha ya eksozi isielekee makuti kwa namna yoyote, kusi wala kaskazi. Nikiikuta imeelekea huko siendelei na ukaguzi mpaka mashine izimwe.

Mlango wa chumba ufunguke kwa nje, na ufunguo usiwe kwa mtu mmoja anayelala mbali, Fuoni. Hapo huhitaji maelezo marefu: funga mlango, mwambie mlinzi aufungue, hesabu.

Pua na mkono

Ukiingia simama mlangoni, usiseme, vuta pumzi. Chumba chenye afya kinanuka joto na mafuta ya mashine kidogo tu. Harufu kali ya dizeli ina maana dizeli iko mahali isipotakiwa, na kazi yako ni kuifuata mpaka ilikoanzia.

Watu hunijibu kwamba dizeli si petroli, haiwaki hovyo. Ni kweli ikiwa imetulia kwenye ndoo. Lakini ikitoka kwenye tundu dogo la mpira wenye msukumo inatoka kama ukungu, na ukungu huo ukigusa chuma chenye joto la nyuzi 250 unaweza kuwaka bila kiberiti. Eksozi ya mashine iliyobeba mzigo inapita joto hilo kwa mbali. Kwa hiyo katika chumba hiki kitu cha kwanza ni umbali na njia kati ya mafuta na eksozi.

Fuata mpira wa dizeli kwa macho kuanzia tangi hadi kwenye injini, kisha mpira wa kurudishia, ule ambao wengi wanausahau. Usipitishe kiganja juu ya mpira wenye msukumo; tumia kipande cha katoni kavu, kipitishe taratibu chini na kandoni mwake, kisha kitazame kwa tochi. Doa moja la ukubwa wa punje ya mtama linatosha. Pale usipoona, nyuma ya injini, ingiza kioo. Mpira wenye nyufa ndogo ndogo kama kisigino wakati wa kaskazi umekwisha, hata kama hauvuji bado. Na ukikuta mpira wa maji wa bustani umefungwa kwa waya badala ya mpira wa mafuta (nimekuta mara tatu), uandike kwa herufi kubwa.

Eksozi iwe imevishwa kitambaa cha kuzuia joto, na kitambaa kiwe kikavu. Kikilowa mafuta kinageuka utambi. Tazama pia inapopita ukutani au kwenye dari: nyumba za Mji Mkongwe zina boriti za mikoko chini ya mawe na chokaa, na boriti iliyokaa karibu na bomba la moto kwa miaka inakauka kidogo kidogo mpaka siku moja ikawa kaa. Weka mkono karibu na boriti, usiiguse. Ukishindwa kuuweka hapo kwa hesabu ya kumi, bomba liko karibu mno.

Tangi la siku liwe na beseni la chuma chini yake lenye uwezo wa kubeba mafuta yote ya tangi. Kwenye vituo vya nyuklia vya Marekani, pampu kubwa zinazosukuma maji ya kinu hutakiwa kuwa na mfumo wa kukusanya mafuta ya kulainishia yakivuja, yasifike penye joto. Wazo ni lilelile na beseni lako halizidi bei ya gunia mbili za mchele. Lisiwe na maji ya mvua wala vipande vya sigara, na matambara yote yatoke nje ya chumba leo, si kesho. Madumu ya akiba vilevile. Chumba cha jenereta si ghala, na hili ndilo linalonigombanisha na wenye nyumba kuliko yote, kwa sababu Mji Mkongwe nafasi ni dhahabu. Nimekuta magodoro humo. Nimekuta makuti mapya ya akiba yamesimamishwa nyuma ya mashine.

Betri ya kuwashia: ncha za kufungia nyaya ziwe safi, na juu ya betri pawe na upenyo wa hewa kwenda nje, kwa sababu inapochajiwa inatoa haidrojeni, hewa nyepesi inayojikusanya darini na inayoweza kulipuka ikifika asilimia 4 tu. Usiruhusu rafu ya mbao juu yake. Basi.

Matundu

Sasa subiri giza. Swali magharibi, kunywa chai, rudi. Mashine izimwe na ipoe.

Kazi hii inahitaji watu wawili. Mimi hukaa chini na kijana hupanda juu, chumba kilicho juu ya jenereta. Zima taa zote, juu na chini. Juu ajisogezee kabati, anyanyue jamvi, avute kitanda. Chini mimi nawasha tochi na kuipitisha polepole kwenye dari na kuta, hatua kwa hatua, hasa penye nyaya, penye bomba la maji, penye kona ambapo fundi wa zamani aliweka kitu na fundi mpya akakiondoa. Akiona mwanga anapaza sauti, na mimi natia alama ya chaki. Kisha tunabadilishana kuta: yeye anakwenda chumba cha jirani, halafu kwenye ngazi.

Usitumie mshumaa wala kiberiti, na wala kijiti cha udi, ingawa moshi wa udi unaonesha upepo vizuri sana. Chumba kina mafuta. Kwa tundu ambalo limejipinda na mwanga haupiti, chana ukanda mwembamba wa karatasi laini, uushike mbele ya upenyo. Ukivutwa au ukisukumwa, hewa inapita. Na hewa ikipita, moshi unapita, na moshi ndio unaoua watu waliolala, moto wenyewe ukiwa bado ghorofa mbili chini.

Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe inanipa alama za chaki kati ya tano na kumi na mbili. Mwenye nyumba hushangaa kila mara. Kuta zina unene wa mkono mzima, mawe ya matumbawe, anaamini yuko ndani ya ngome. Kuta ni ngome kweli. Mafundi wametoboa milango midogo kila mmoja kwa zamu yake, wa umeme, wa maji, wa dishi, wa intaneti.

Sasa kuziba. Hapa nasema kwa ukali. Usizibe kwa povu la kopo linalouzwa madukani, lile la manjano linalovimba. Lile ni poliyurethani, ndugu wa lile la Browns Ferry. Usizibe kwa matambara, kwa karatasi, kwa mbao, kwa gundi ya mabomba. Na usidanganywe na tundu lililojaa bomba la plastiki lenye nyaya ndani na saruji kuzunguka: saruji itabaki, plastiki itayeyuka, na utabaki na tundu la duara safi kabisa. Bomba linalovuka ukuta wa chumba cha jenereta liwe la chuma, na ndani yake, kuzunguka nyaya, pazibwe pia.

Penye tundu kubwa jaza kwanza sufi ya mawe, ile inayotumika kuvishia mabomba ya moto, uishindilie kwa kidole mpaka isirudi. Kisha funga pande zote mbili kwa chokaa na mchanga, unene usiopungua kiganja kilicholazwa. Kwenye nyumba za zamani napenda chokaa kuliko saruji: inapatana na ukuta, haiungui, na fundi wa kesho akitaka kupitisha waya ataitoboa bila kuvunja jiwe. Lakini huyo fundi wa kesho naye lazima azibe. Kwa hiyo kila tundu nililoziba naliandikia namba kwa rangi nyekundu, na namba hiyohiyo naiandika kwenye daftari la nyumba pamoja na tarehe. Akija mtu akatoboa, pengo litaonekana kwenye daftari.

Hatukuzua sisi utaratibu huu. Baada ya Browns Ferry, mwaka 1980 Marekani ilitoa kanuni za moto kwa vituo vya nyuklia, na mkaguzi anayepita leo anatazama vizibo vya nyaya kama mtu anayehesabu tasbihi. Kizibo kikitolewa kwa ajili ya kazi, hata kwa saa chache, huwekwa mtu wa kulinda moto: ama asimame hapo muda wote, ama apite kwa vipindi na aandike kwamba amepita. Kwetu mtu huyo anaweza kuwa mlinzi wa usiku. Ukiondoa chokaa Jumatatu na fundi wa sufi anakuja Alhamisi, mlinzi apite kila saa na tochi, atie saini. Usiku tatu tu.

Njia mbili zisiwe moja

Nilikagua zahanati moja ambayo ilikuwa na kila kitu: jenereta, taa za dharura, pampu ya maji ya kuzimia moto juu ya kisima. Nikafuata nyaya. Zote tatu zilipita kwenye trei moja ya kubebea nyaya, juu kabisa ya injini. Moto wa dakika tano ungechukua umeme, taa na maji kwa pamoja.

India ilipitia hili tarehe 31 Machi 1993, kituo cha Narora. Mapanga ya tabo, mashine inayozungushwa na mvuke kuzalisha umeme, yalivunjika, haidrojeni na mafuta vikawaka, na moto ukafuata nyaya. Jenereta za dizeli za akiba zilikuwepo, lakini nyaya za kuziendesha zilipita njia moja na zile zilizoungua. Kituo kilikaa bila umeme kiasi cha saa 17, watu wakipanda gizani na tochi kwenda kuhakikisha kinu kimezimika na kinapozwa. Walifanikiwa, Mungu awalipe.

Kanuni za Marekani nilizozitaja zinataka njia mbili za nyaya zitenganishwe kwa ukuta unaohimili moto saa 3, au ziwe mbali mita 6 hivi bila kitu cha kuungua kati yake, pamoja na vitambuzi vya moshi na mfumo wa kuzima unaojiwasha. Wewe huwezi mita sita ndani ya nyumba ya Kiponda. Lakini unaweza kupitisha waya wa pampu nje ya ukuta, ndani ya bomba la chuma, upande wa pili wa nyumba. Na taa za ngazi ziwe na betri zake ndani. Wao wanataka taa za dharura zikae saa 8. Mimi nadai kwa nyumba ya wageni taa ya ngazi ikae angalau muda wa kuwatoa wote na kuwahesabu mara mbili. Ijaribu kwa kuzima swichi kubwa na kukaa ngazini. Nyingi hufa kabla hujamaliza kikombe cha kahawa.

Mitungi ya kuzimia moto

Mtungi wa unga una mshale. Ukiwa kwenye kijani ni vizuri, lakini usiishie hapo. Unga ukikaa unagandamana chini kama sukari iliyopata unyevu, hasa kwetu kwenye hewa ya chumvi. Ugeuze kichwa chini, sikiliza. Usiposikia unga ukishuka, mtungi huo ni pambo.

Mtungi wa kaboni dioksaidi, wenye pembe nyeusi, hauna mshale kabisa. Njia ya kujua kama una kitu ni kuupima uzito, na hapa ndipo mizani ya samaki inapoingia. Uzito mtupu umegongwa kwenye shingo. Jumlisha na uzito wa gesi ulioandikwa, linganisha. Ukikuta gesi imepungua zaidi ya sehemu moja ya kumi, upelekwe kujazwa. Nimeshika mitungi mizuri, myekundu, yenye karatasi ya ukaguzi ya mwaka huohuo, na ndani hamna hata pumzi. Mwaka 1992 wakaguzi wa nyuklia Marekani walitangaza kwamba kifuniko kimoja cha kukinga nyaya, kilichouzwa kwa vituo vingi, hakikuhimili moto kwa muda ulioandikwa. Kilikuwa na vyeti. Waliojua ni wale waliokichoma na kuhesabu dakika.

Mtungi ukae nje ya mlango, usiwe ndani pembeni ya mashine, maana utaufuata ndani ya moto. Na mwambie kijana wazi: ukipuliza gesi hii ndani ya chumba kidogo, toka na ufunge mlango, kwani inafukuza hewa unayovuta wewe pia.

Watu

Mlinzi ajue mambo matatu kwa mpangilio wake. Kwanza apige kelele na kuamsha watu. Pili azime: kitufe cha kuzimia mashine na koki ya mafuta, vyote viwe nje ya chumba. Tatu, kama moto bado ni mdogo na nyuma yake kuna mlango wazi, atumie mtungi. Mpangilio huu watu huugeuza. Mwanamume akiona moto anataka kuuzima peke yake kwanza, na ile robo saa ya Browns Ferry inapita. Fanyeni mazoezi usiku, bila kumtangazia. Muulize pia namba ya zimamoto bila kutazama simu.

Maji yasimwagwe mpaka umeme wote umekatwa. Browns Ferry waliyaogopa maji kwa saa nyingi ingawa mkuu wa zimamoto wa mji wa jirani alikuwa akiwashauri wayatumie. Walipoyatumia, moto ulizimika kwa muda mfupi. Kwa nyaya zinazoungua ndani ya trei, gesi inazima mwali tu, joto linabaki, mwali unarudi. Basi mlinzi ajue swichi inayokata kila kitu iko wapi, na baada ya hapo maji ni halali. Kwa dizeli inayowaka sakafuni, mchanga au unga, maji yataisambaza.

Na kuchomelea: fundi wa chuma akija, mtu akae na ndoo ya mchanga wakati wa kazi na saa nzima baada ya kazi, upande wa pili wa ukuta pia.

Kuandika

Andika usiku uleule. Usiandike "hali ya nyaya si nzuri." Andika: "Tundu namba 4, dari, kona ya kaskazini, sentimita 9, nyaya tatu, limezibwa kwa povu, litolewe, lizibwe kwa sufi na chokaa, nani, lini." Mwenye nyumba asome mbele yako. Yale yanayoweza kuua usiku huu yatengeneze kabla hujaondoka, au mashine isiwashwe. Mengine yapewe tarehe.

Ile nyumba ya Kiponda niliirudia miaka mingi baadaye, niliitwa na bibi mwenye nyumba, sasa mtu mzima sana. Nilimshikia miguu, akaniitikia, akasema, "Mwanangu, nataka nilale." Tulikuta matundu tisa, moja likiwa lile langu la ngumi, limezibwa kwa gazeti na kupakwa rangi. Tulifanya kazi siku mbili. Usiku wa pili tukazima taa zote. Nikapitisha tochi dari nzima, polepole, kona kwa kona, nikarudia. Nikamwita kijana aliyekuwa ghorofa ya juu, amelala kifudifudi kwenye sakafu tupu.

"Unaona nini?"

"Giza tu, bi fundi."

"Tazama tena, pale kwenye kabati."

Kimya kidogo, nikamsikia akijiburuta.

"Giza."

Nikaandika kwenye daftari namba moja hadi tisa, tarehe, na jina lake chini ya langu.